Breki Zilizopimwa kwa Mguu wa Mwingine

Mungu wangu nakushukuru kwanza, kabla sijaandika la kwangu. Umeniamsha leo tena, ukanipa macho ya kuona karatasi hii na miguu miwili ambayo, ijapokuwa imechoka, bado inanifikisha ninakokwenda. Ninayotaka kusimulia yanahusu mmoja kati ya miguu hiyo, ule wa kulia, na woga nilioubeba nao kwa majuma saba.

Tunaishi Gatongora, karibu na Ruiru, mimi na mume wangu, mzee wangu. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo huko Thika. Kazi yake ilikuwa pampu na mabomba, na hata baada ya kustaafu alikuwa akisikia bomba la jirani linavuja kabla jirani mwenyewe hajajua. Kisha figo zake zikashindwa. Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa hupelekwa hospitali Thika kusafishwa damu. Saa nne nzima anaunganishwa na mashine, na akitoka hapo hana nguvu hata ya kujifunga mkanda wa gari. Mimi ndiye humfunga, nikamfunika blanketi magotini, na kabla hatujafika langoni huwa amelala, mdomo wazi kidogo kama mtoto.

Dereva ni mimi. Nilijifunza kuendesha nikiwa na miaka sitini na mmoja, yeye ndiye mwalimu, na alinifokea siku moja tu. Nina kilo hamsini. Najua kwa sababu muuguzi mmoja alinipandisha kwenye mzani wanaompimia yeye, akacheka, akasema mimi ndiye ninayeonekana mgonjwa.

Gari letu ni kuukuu, lakini lilikuwa halijatusumbua. Shida ilikuwa mahali pamoja. Ukitoka Thika kurudi Ruiru, kabla ya Juja, barabara inateremka hadi Mto Ndarugu kisha inapanda. Hapo hukosi malori ya mawe ya kujengea, yamejaa hadi juu, na foleni hukatika na kuungana bila taarifa. Breki zetu zilikuwa zikipata moto pale. Siku moja zilinuka, harufu kama ya nywele zilizoungua, na mzee wangu akafumbua macho.

"Mama, hiyo ni pedi ya breki inaungua," akasema. "Breki za mbele ni ndogo kwa mteremko huu."

Wiki iliyofuata akampigia simu fundi wetu wa Ruiru, mwenye karakana ya mabati karibu na reli. Huyu ni mtu mzima, mnene, mwenye kicheko cha kujaza kanisa, na hutuita Guka na Shosho, yaani babu na bibi, ingawa ana mvi zake mwenyewe. Wakakubaliana gari lifungwe diski kubwa mbele, pamoja na kalipa zake, yale makucha ya chuma yanayobana diski ili gurudumu lisimame. Zilitoka kwenye gari kubwa kuliko letu. Mzee wangu aliketi kwenye kiti cha plastiki kivulini akitazama kazi, na uso wake ulikuwa na rangi ambayo sikuwa nimeiona tangu aanze mashine.

"Siwezi tena kukuendesha," aliniambia tukiwa pale. "Lakini naweza kuhakikisha unasimama."

Naomba msomaji alishike neno hilo, maana ndilo lililonifunga mdomo baadaye.

Breki mpya zilishika, lakini pedali ilikuwa inazama. Nilikanyaga, mguu ukashuka, ukashuka, karibu uguse zulia ndipo gari likatii. Moyo wangu ulishuka nao. Nikarudi kwa fundi siku hiyo hiyo.

"Haiya, Shosho, hiyo ni kawaida," akasema. "Kalipa ni kubwa, zinakunywa mafuta mengi ya breki. Masta yako ni ndogo, haiwezi kuzijaza kwa mkanyago mmoja. Tunakuwekea masta kubwa."

Masta ni ile pampu ndogo iliyo chini ya boneti. Ukikanyaga pedali, yenyewe ndiyo inayosukuma mafuta hadi kwenye magurudumu. Fundi akaenda mtaani, akarudi na masta ya kigari cha mizigo, nene kama glasi ya chai, imeandikwa ubavuni inchi moja. Akaifunga, akatoa hewa kwenye mabomba, akakanyaga. Akashuka akipiga makofi.

"Sasa hiyo ndiyo breki! Imesimama kama jiwe. Guka, njoo usikie."

Mzee wangu akakanyaga pia, kwa shida, na pedali haikuzama hata kidogo. Wote wawili wakatabasamu. Kisha fundi akaliendesha gari mwenyewe hadi barabarani na kurudi, kama wanavyofanya mafundi wote, na mwenye gari akiwa ameketi kando. Alifunga breki mbele ya karakana hadi vumbi likaruka. "Shosho, na hii utasimamisha treni," akasema. Mimi sikuikanyaga hadi tulipokuwa tumeshalipa na kuagana.

Ijumaa hiyo ndipo nilipoijua breki hiyo. Njia ya kwenda ilikuwa wazi, na nilihisi tu kwamba pedali ni ngumu. Wakati wa kurudi tulikuwa tunateremka kuelekea Ndarugu, yeye amelala, na mbele yetu kulikuwa na lori la mawe. Taa zake nyekundu zikawaka. Nikakanyaga. Pedali ikashuka kidogo sana na kukaa, na gari likaendelea. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Likapunguza mwendo, lakini si kama lilivyotakiwa. Mawe yale yalikuja yakiwa sawa na macho yangu, yamekatwa mraba, na niliona hata alama za shoka juu yake. Sikupiga kelele. Nilileta mguu wa kushoto juu ya wa kulia, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikainuka kutoka kwenye kiti na kusimama juu ya pedali na kilo zangu zote hamsini.

Tulisimama. Kati yetu na lori ungeweza kupitisha Biblia, ikiwa imefungwa.

Mzee wangu akageuza kichwa. "Tumefika?"

"Bado, Baba. Lala."

"Breki zikoje?"

Nikasema, "Ni nzuri sana."

Nimefundisha neno la Mungu kwa miaka thelathini. Nilisoma chuo cha Biblia nikiwa na watoto wawili mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Na nilidanganya bila hata kupepesa, kwa sababu alifunga macho tena akiwa anatabasamu.

Kuanzia hapo sikuwa na Jumatatu wala Alhamisi ya amani. Nilipokuwa nikifua, nilijikuta nimesimama na shati lake mkononi, naona mawe. Nilianza kuvaa viatu vyenye soli ngumu. Niliacha nafasi kubwa mbele yangu barabarani, na kila nafasi niliyoacha, gari jingine liliingia, nami nikaanza upya. Milio ya honi nyuma yangu, matusi, mtu mmoja akatoa kichwa nje: "We shosho, peleka hiyo gari kanisani!" Nikajiambia kwamba kanisani ndiko ningependa kuwa.

Wiki moja somo la akina mama kanisani lilikuwa juu ya kutoogopa. Nililifundisha. Sauti yangu ilitetemeka, na dada mmoja akanishika mkono akidhani ni Roho. Nilirudi nyumbani nimeaibika. Niliomba niondolewe woga, nikaomba tena, na haukuondoka. Nikaanza kufikiri kwamba imani yangu ndiyo iliyopungua.

Nilimwendea fundi peke yangu, Jumatano, bila kumwambia mzee.

"Shosho, keti nikuambie ukweli," akasema. Akaingia ndani ya gari, akakanyaga mara moja, kwa kiatu chake cha kazini. "Unaona? Hii breki haina makosa. Umezoea zile laini. Kula ugali kidogo!" Wenzake wakacheka, nami nikacheka pia, kwa sababu sikujua la kufanya. Yeye ana kilo zaidi ya mia. Mapaja yake hayaingii kwenye kiti bila kukisukuma nyuma.

Niliondoka pale nikiwa na hakika mbili zisizopatana: kwamba breki ni nzima, na kwamba nitamuua mume wangu.

Ijumaa ya saba tulikuwa tunakwenda, asubuhi, naye yu macho. Karibu na Juja mwendesha bodaboda akakata mbele yetu na magunia ya viazi. Nikafanya nilivyozoea: miguu miwili, mikono kwenye usukani, nikasimama. Gari likasimama. Bodaboda akaenda zake. Tulipoegesha hospitali na nikazima injini, mzee wangu akanigeukia.

"Mama."

"Ee, Baba."

"Tangu lini unaendesha umesimama?"

Nikamwambia yote: lori, mawe, uongo, fundi na ugali. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umefurahi."

Muuguzi akaja mlangoni kutuita, akatuona, akarudi ndani. Kisha mzee wangu akasema polepole, "Mimi ni mtu wa pampu. Miaka yote ile. Na nikakubali pampu ipimwe na mguu ambao hautaitumia." Nikaona machozi yake, na nikaogopa zaidi kuliko siku ya lori, kwa maana nilidhani nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichonacho. Lakini alipokuwa kwenye mashine aliniita karibu na kitanda. Alikuwa anatazama mabomba ya damu yake.

"Tukitoka hapa nenda duka la dawa, ninunulie mabomba ya sindano. Dogo moja, makubwa mawili. Bila sindano. Na kipande cha mrija wa mpira."

Jumatatu tulikuwa kwa fundi. Mzee wangu aliketi kwenye kile kiti cha plastiki, akajaza maji katika mabomba, akaunganisha moja kubwa na jingine kubwa kwa mpira.

"Fundi, hili lako ni kalipa. Weka kidole gumba juu yake, uzuie. Na hili la Mama ni masta kubwa. Mama, sukuma."

Nilisukuma hadi kidole kikawa cheupe. Gumba la fundi halikusogea.

"Ai, Guka, hana nguvu tu," fundi akasema.

"Ngoja." Akabadilisha, akaniwekea lile dogo. "Sukuma tena."

Nilisukuma kwa kidole kimoja, na gumba la fundi likainuka. Aliligandamiza kwa nguvu, bado likainuka. Fundi akakodoa macho. Lakini bomba langu dogo likaishiwa maji mara, na gumba lake likawa limepanda unywele tu.

"Hiyo ndiyo masta ya kwanza," mzee wangu akasema. "Ina nguvu, lakini maji yake hayatoshi kalipa kubwa, ndiyo sababu pedali ilizama. Ile ya pili ina maji tele, lakini inataka mguu kama wako. Tafuta ya katikati. Na usiipime wewe."

Fundi akalitazama gumba lake muda mrefu, akanitazama mimi. "Shosho, nilikucheka," akasema.

"Ulinicheka."

"Nisamehe." Na siku hiyo hakucheka tena.

Ilimchukua siku mbili kuipata masta iliyo ndogo kuliko ile ya inchi moja na kubwa kuliko ile ya kwanza. Alipomaliza kutoa hewa, aliingia upande wa abiria, akajifunga mkanda, akanipa ufunguo. Mzee wangu aliketi nyuma. Nilizunguka nao mtaani, nikasimama, nikaondoka, nikasimama tena. Pedali ilishuka kiasi cha kiganja, ikawa imara, na gari likatii mguu mmoja. Fundi alikuwa ameshika dari kwa mikono miwili.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Kidogo, Shosho."

"Hapo sawa."

Sidai kwamba woga wote uliondoka. Ijumaa iliyofuata, tukiteremka Ndarugu na lori jingine la mawe mbele yetu, mikono yangu ilikuwa na jasho. Taa nyekundu zikawaka. Nikakanyaga nikiwa nimeketi. Gari likasimama mbali na lori, kwa upole, na kichwa cha mzee wangu hakikutikisika kwenye kiti. Aliendelea kulala, mdomo wazi kidogo.

Nilikuwa nikiomba woga huo uondolewe. Sasa namshukuru Mungu kwamba hakunisikiliza upesi, kwa maana katika gari lile ni woga peke yake uliokuwa unasema kweli.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde kwenye miteremko yako. Akupe mtu wa kukuuliza kwa nini unaendesha umesimama, akupe na kinywa cha kumjibu, na wote unaowabeba wafike nyumbani wamelala. Amina.