Swali Lisilokuwamo Kwenye Katekisimu

Juzi niliona picha ya mzee wa Kihindi, kifua wazi, nikakumbuka harufu ya udi na mafuta ya taa katika duka moja la Ifakara.

Nilikuwa mtoto, nimepita dukani humo nikienda kanisani kuulizwa katekisimu kabla ya komunio ya kwanza, nikiogopa kukosea hata neno moja. Mama wa mwenye duka, aliyeketi chini ya picha kama ile, alinisikia nikikariri.

"Mjukuu wangu, wewe ni nani?"

Nikataja jina.

"Hilo ulipewa. Aliyepewa ni nani?"

"Mtoto wa fundi baiskeli wa Lipangalala."

"Huyo ni baba yako. Wewe je?"

Machozi yakanilengalenga. "Bibi, nipe jibu, nitafeli."

Akacheka, akanipa kipande cha sukari guru. "Babu huyu kwenye picha alikaa na swali hilo miaka na miaka. Kaa nalo tu."

Nilidhani ni marehemu mumewe, aliyefeli. Sasa, kwa kujisomea, najua alikuwa mwalimu wa kiroho kule India, aliyefundisha kwamba ukimtafuta huyo "mimi" hadi mwisho, hukuti wawili, wewe na Mungu, bali mmoja tu. Kukosea bado naogopa.

Kanisani katekista aliuliza, "Nani aliyekuumba?"

"Mungu," nilijibu, kisha nikabaki nimesimama, nikisubiri aniulize aliyeumbwa ni nani.