Mkanda Niliojifunga Mwenyewe

Napika chakula Nyamugari, hapa Gitega: wali, maharage, ndizi, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakipatikana. Wateja wangu wanajua kwamba niliwahi kupika baharini, na nusu yao hawaamini. Juzi mfanyabiashara mmoja Mkongomani, mtu wa Uvira anayeuza vitenge, alisukuma sahani yake akacheka.

"Mama, we uko unatudanganya. Murundi iko anafanya nini mu bahari?"

"Alikuwa anapika, kama anavyokupikia wewe. Kula."

Sikumweleza zaidi. Angetaka habari za papa na dhoruba, na yangu ni habari ya mkanda.

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania. Amani ilipopatikana wazazi wangu waliamua kurudi kwao Mwakiro, Burundi, na asubuhi ya kupanda lori kila mtu alifungwa bangili ya plastiki mkononi, ile ambayo ikishabanwa haifunguki mpaka ikatwe. Nilikuwa msichana mdogo. Aliyenifunga hakuniambia neno. Alishika mkono wangu, akabana, akaita mwingine. Njia nzima niliivuta kwa meno. Mama alinipiga kofi, akasema nikiipoteza nitaachwa njiani. Tukafika nchi ambayo wazee waliililia miaka yote, na mimi nikashushwa kama gunia lenye alama. Nilikasirika, na hasira ile haijaniisha hadi leo.

Ukubwani nilirudi Tanzania kutafuta kazi, nikafika Unguja, nikapika katika nyumba ya wageni. Hapo ndipo Mfaransa mmoja mzee na mkewe waliponichukua niwapikie kwenye boti yao ya matanga hadi Shelisheli. Mke alikuwa ameishi Unguja miaka mingi na Kiswahili alikijua vizuri. Mume alijua kuamuru.

Tulipotoka bandarini mume, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha, alikuja na mkanda wa kuvaa kifuani, wenye kamba fupi na kulabu ya chuma. Bila neno akanivisha, akaninasa kwenye waya wa sitaha, akavuta mara mbili kuhakikisha. Nililiona tena lile lori la utotoni. Nikaufungua mkanda, nikauweka miguuni pake.

"Mwambie mimi si mbuzi," nikamwambia mkewe.

Jibu likaja: asiyevaa mkanda hakanyagi sitaha. Nikae chini jikoni, na kwenye kisiwa cha kwanza tutakachotia nanga nitashushwa.

"Anishushe," nikasema. "Kushushwa nimeshazoea."

Nikakaa chini. Jiko la boti lilining'inizwa liyumbe pamoja na mawimbi ili sufuria isimwagike. Mimi hakuna aliyenining'iniza. Madirisha yalifungwa, joto na harufu ya dizeli vikanikaba. Nilitapika, nikanawa, nikakoroga ugali nimeegemeza mgongo ukutani. Nilijua fika kwamba mkanda unaokoa. Sijui kuogelea; kambini maji yalikuwa ya foleni na ndoo. Nikianguka nimekwisha. Hata hivyo sikupanda.

Mke wa nahodha akashuka, akakaa kwenye ngazi akiwa bado amevaa mkanda wake.

"Mwanangu, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Basi Idi nitaingojea humu humu. Huo wako alikufunga nani?"

Alishangaa. "Nimejifunga. Miaka yote najifunga."

"Mbona mimi nafungwa?"

Akautazama mkanda wake. Kisha akaniletea wangu, akanionyesha pa kupitisha mikono, pa kubana, na namna ya kufungua kulabu kwa kidole gumba hata mkono ukiwa umelowa. Nilirudia mpaka nikaweza nikiwa nimefumba macho.

Nikapanda. Nahodha alikuwa kwenye usukani. Niliinasa kulabu mbele ya macho yake. Akanyoosha mkono avute kama siku ile, nikausukuma mkono wake.

"Mwambie aombe kwanza."

Mke alitafsiri huku akijizuia kucheka. Nahodha alinitazama, nami nikaushika waya, maana nilikuwa nimeshaiona bahari na sikutaka tena kurudi chini. Mwishowe akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza kama anaweza kukagua."

"Akague."

Akavuta mara mbili. Mkanda ulishika. Tangu hapo nilifundishwa usukani, nikapewa zamu ya asubuhi, yeye akilala. Pande zote ni maji, yakipanda na kushuka kama vilima vya kwetu vilivyokataa kutulia. Niliogopa kila zamu, na kila zamu nilifurahi. Hakuna kisiwa nilichoshushwa.

Safari ilipokwisha niliamua kurudi nyumbani. Hakuna aliyeniita. Nilirudi Tanzania, nikavuka mpaka kwa basi, nikashuka Muyinga karibu na soko, nikachukua pikipiki hadi Mwakiro. Mama alikuwa anapura maharage uani. Aliacha fimbo, akanikumbatia, kisha akaushika mkono wangu, akapandisha sweta, akapapasa mahali palepale pa ile bangili.

"Safari hii hawakukufunga?"

"Hapana, Mama."

"Sasa nani amekuleta?"

"Nimejileta."

Aliendelea kunishika mkono kidogo, kisha akauachia.

"Basi karibu nyumbani," akasema, neno ambalo siku ile ya lori hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniambia.