Udi wa Ukutani

Kazi yangu ni kugombana na watu juu ya moto. Naingia kwenye majengo yanayojengwa hapa kisiwani, kofia ngumu juu ya mtandio, natazama mitungi ya gesi imewekwa wapi, nani anavuta sigara karibu na makopo ya rangi, nani ametandika turubai pale pale cheche zinaporukia. Nikikuta uzembe sinyamazi. Wanaume wazima na ndevu zao wamewahi kunikimbia. Na kila niendapo nadai ndoo za mchanga, hata mafundi wa kule Kilindini wakanibandika jina: Bi Ndoo.

Nilipomsimulia mamangu alicheka akashika mbavu. Yeye ni mtu wa Mji wa Kale, na kwa Kimvita chake ndoo ni chombo cha maji, na pia ni njoo. "Bi Ndoo! Sasa ndoo wende wapi, we mwana?" Sisi wanawe hatukuchanganyikiwa hata siku moja, maana yeye huyatamka maneno hayo mbali mbali, la kuita ulimi huugusisha kwenye meno. Asiyezaliwa hapa hasikii tofauti yoyote. Baba naye alicheka siku hiyo, na sikumbuki kama niliwaona tena wakicheka pamoja.

Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko. Dari ya chumba cha chini ilikuwa imelegea, boriti zimeliwa na mchwa, na Baba alikuwa ameanza kuitengeneza, baadhi ya boriti zitolewe paingie vyuma. Kazi ilikuwa nusu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tukamzika, na Mama akaingia eda chumbani kwake, juu ya dari hiyo hiyo iliyokuwa imeegemezwa kwa miti ya muda. Mjane hukaa eda yake katika nyumba ya mumewe, hatoki ila kwa dharura. Na mimi singeweza kumwacha akae juu ya dari ya kuegemezwa. Basi ikabidi ujenzi uendelee chini yake huku yeye yuko juu na msiba wake.

Nikazileta sheria zangu nyumbani. Mikeka yote niliitoa chumba cha chini, nikaning'iniza magunia yaliyoloweshwa maji, nikaweka ndoo za mchanga kwenye kila kona ya ngazi. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa mtu mzima kutoka bara, anakaa Majengo, mpole, hasemi sana. Nilimwambia akimaliza kuchomelea akae pale atazame, asiondoke mbio. Tena nikamwambia, yeyote akiita ndoo humu ndani, hakuna kuuliza ndoo ya nini, unabeba ya mchanga unapanda nayo. "Sawa, Bi Ndoo," akasema. Kumbe jina lilikuwa limenitangulia.

Udi haukuwa ukifukizwa, kwa sababu aliye katika eda hajitii manukato wala hafukizi. Hilo nililiona ni nafuu kwangu. Nyumbani kwetu ilikuwa haipiti Ijumaa bila chetezo cha makaa na udi, na moshi wa udi hufunika harufu nyingine zote. Sasa, nilijiambia, moshi wowote utakaonukia humu utakuwa wa kweli.

Lakini kilichokuwa kikinikosesha raha hakikuwa moto. Mama alikuwa hali kitu. Nampelekea uji, nalikuta bakuli vile vile, uji umefanya utando juu. Namletea samaki wa kupaka, chakula chake cha roho, anamega tonge moja kwa kuniridhisha kisha anageukia ukutani. Mikono ilibaki mifupa. Watu walikuja kumpa pole wakatoka wakiniangalia mimi kwa jicho la huruma, na nilijua wanafikiri nini, kwa kuwa nami nilikuwa nafikiri hilo hilo. Niliogopa kwamba atamfuata. Niliogopa mno, nikawa mkali kwa kila mtu.

Asubuhi moja akaniuliza, "Nani yuwafukiza udi huko tini?"

"Hakuna, Mama. Nani afukize na wewe umo kwenye eda?"

"Nasikia harufu."

Nikashuka mbio. Nilipekua chumba cha chini kona zote, nikapapasa vyuma vipya, nikainua magunia, nikanusa mpaka nikapiga chafya. Hakuna kitu. Chumba kilinuka chokaa na chuma kilichochomwa, kama kinavyonuka kila siku. Fundi akaniapia kwamba alikaa akatazama, na nilimwamini, kwa sababu nilimwona kwa macho yangu jana yake amekaa juu ya debe ametumbulia macho sakafu.

Nikarudi juu. Mama alikuwa amesogea ukutani, amekaa chini, bega limeegemea chokaa. Uso wake ulikuwa umefunguka, jambo ambalo sikuliona tangu mazishi. "Ni udi wa babako," akasema. "Ule wa kanzu yake ya Ijumaa. Hunukia kidogo kisha hupotea."

Mimi nifanyeje? Nilikwenda jikoni nikalia. Nilidhani akili yake imeanza kumtoka, na hiyo sikuwa na ndoo yake. Lakini adhuhuri akaomba mahamri na mbaazi. Wallahi aliomba kwa kinywa chake! Alikula, akanitaka nimwongeze chai. Siku hiyo na zilizofuata alikula, akakaa pale pale ukutani, akawa ananihadithia mambo ya Baba ujanani ambayo sikuwahi kuyasikia. Nikasema moyoni, ikiwa ni harufu ya kuwazia tu inayomlisha mamangu, basi na iwepo.

Ikawa alasiri moja, fundi yuko chini anakusanya vyombo vyake, mimi niko jikoni. Mama akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. "Ndoo! Ndoo hima!"

Alikuwa ananiita mimi, niende nisikie, kwa sababu harufu ilikuwa imezidi. Lakini aliyefika kwanza ni fundi, anahema, ndoo ya mchanga begani, akasimama nje ya mlango ameinamisha kichwa asimwone mjane wa watu. "Iko wapi?" akauliza. "Moto uko wapi?"

Mama alivuta leso akajifunika. "Ala! Moto gani? Nimemwita mwanangu!"

Nikafika, nikaona yule bwana na ndoo yake na jasho lake, nikashindwa nicheke au nilie. Nikamweleza kwamba kwetu ndoo ni njoo. Alitikisa kichwa, akaomba radhi, akageuka kushuka. Ngazi zetu ni za mawe, hazina pa kushika, na kila anayeshuka huegemeza mkono ukutani. Alishuka vidato viwili vitatu, akaegemeza mkono, akautoa. Akaurudisha tena, kiganja chote. Kisha akaniita bila kupaza sauti.

Nikaweka mkono wangu kando ya wake. Ukuta ulikuwa moto kama ubavu wa birika.

Pale ndipo panapoingia kichwa cha boriti moja ya dari ya chini, ndani ya ukuta, chini kidogo ya sakafu ya Mama. Cheche ilikuwa imetumbukia katika ufa kando ya boriti hiyo siku kadhaa nyuma, ikala polepole humo ndani, bila ulimi wa moto, bila moshi wa kuonekana. Sote tulikuwa tukilinda sakafu.

Nilimwambia fundi apige simu kwa wazimamoto na atoe mitungi yake nje, nikapanda kwa Mama. "Vaa buibui. Twatoka."

"Natoka nende wapi na eda yangu?"

"Kwa jirani. Hii ni dharura, Mama. Sakafu hii yaweza kuanguka."

"Sitoki mimi. Siku zote hizi yumo humu pamoja nami, leo nimwate?" Akashika ukuta kwa mikono miwili.

Nikapiga ukelele. Mimi ambaye hupigia kelele mafundi nikampigia mamangu mzazi. "Si Baba, Mama! Ni moto! Ni boriti yaungua!"

Akanitazama. Akanusa mara moja, taratibu, kama mtu anayehakikisha. Kisha akauachia ukuta, akavaa buibui lake, akashuka ngazi huku nimemshika kiwiko.

Wazimamoto waliliacha gari barabarani wakaingia kwa miguu, maana vichochoro vyetu havipitishi gari. Ukuta ukavunjwa. Boriti ilipotolewa, nje ilikuwa nyeusi, kitovu chake chekundu kimetulia, na ule mchanga wa fundi ndio uliomwagwa wa kwanza. Nyumba ilisalimika. Wazimamoto walisema kwamba ingebaki hivyo mpaka usiku tungezungumza mengine. Harufu ilijaa uchochoro mzima, na jirani mmoja aliyetoka kuchungulia akauliza, "Nyinyi mwafukiza?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Chumba kile cha chini ndimo Baba alimokuwa akivalia. Umri wake wote, kila Ijumaa, aliweka chetezo sakafuni akatandaza kanzu juu yake, na moshi ukipanda hupandia kwenye boriti zile zile. Mti ulikunywa udi wake miaka na miaka. Nilisimama na mkono mdomoni. Mama hakuwa amewazia kitu.

Nilimwambia jioni ile, fundi alipokwisha kuiegemeza dari upya na Mama amerudi chumbani. Nilimwambia yote, ya kanzu na ya boriti, nikamwomba radhi kwa ukelele wangu. Alinisikiliza. "Haya, mwanangu," akasema, na nilipomletea chakula alikula kidogo. Aliendelea kula kidogo, ya kutosha kuishi, na nikamshukuru Mungu kwa hicho. Kule ukutani hakukaa tena.

Eda ilipokwisha tukamwogesha, tukamvisha nguo mpya, na mimi mwenyewe nikawasha chetezo. Nilichukua udi kutoka kwenye kijaluba cha Baba, ule ule wa Ijumaa, nilikuwa nimemwekea makusudi. Moshi ukapanda. Mama akainama, akafunga macho, akavuta pumzi. Nilimngoja.

"Siyo," akasema.

"Ndio wenyewe, Mama. Ni wa kijaluba chake."

"Siyo huu." Alipapasa leso yake mpya, akaipanga vizuri magotini. "Wake ni ule uloungua. Nao mliuzima."

Nilichukua chetezo, nikashuka mpaka kwenye kona ya ngazi, nikayamwaga makaa ndani ya ndoo ya mchanga, nikasimama kuyatazama mpaka yalipozimika.