Ringi ya Kikapu na Shikamoo ya Wazee Wawili

Apa hutamwambia mtu, kama nilivyomwapia mke wa mhusika. Pale mashine ya kusaga, Kalangalala, wazee wawili waliocheza kikapu ujanani wametuchosha.

“Mimi nilichezea mkoa.”

“Ulikalia benchi la mkoa, bwana. Mimi nilikuwa naigusa ringi, na bado naigusa.”

Msagaji anasikiliza, mahindi yetu yanangoja. Wakawekeana dau: Jumapili baada ya misa, huyo anayejisifu kugusa akiigusa ringi ya shule, mwenzake atampa shikamoo hadi kaburini, akishindwa, ataitoa yeye. Nao ni rika moja.

Mke wa huyo mgusa ringi akaninong’oneza kuwa mzee ameazima ngazi na spana. Niliwaambia wanakwaya tu. Misa ilipoisha sote tukamkuta juu ya ngazi, ringi ameshaishusha hadi nusu ya nguzo, boliti mdomoni.

Mpinzani wake akamshikia ngazi. “Shuka polepole, uje uniamkie.”