Miche ya Udi Nilipokuwa Eda

Mume wangu alikufa akiacha miche kumi na mmoja ya udi katika kitalu chetu cha bondeni, Temeke. Mbegu alipewa na mpishi wa meli aliyetoka nazo Malaya, kazifukia ndani ya unga wa mkaa uliolowa, maana mbegu za udi zikikauka zimekufa. Nyingi zilifia njiani. Zilizoota alizijengea kivuli cha makuti, akazinyunyizia maji kwa kiganja, akiogopa kopo lingezilaza. Alisema mche mmoja tutaupanda uani, tuje tufukizwe kwa udi wetu wenyewe. Alitangulia yeye, tukamfukiza kwa udi wa dukani.

Nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki. Miche nikamkabidhi mdogo wake, aliyekuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja huko Msasani. Kila jioni alisimama nje ya mlango, mie ndani.

"Hodi, shemeji. Wanao wamekunywa maji."

"Hawajaungua jua?"

"Waungue na mie nipo? Wananenepa kunishinda!"

Nilicheka. Miezi ile ni yeye peke yake aliyenichekesha, na kila nikiswali nilimwombea dua. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Nilipotoka eda nilishuka bondeni. Makopo kumi na moja yamepangwa vizuri, udongo umelowa, kila kopo na mche wake. Nilichutama nikafurahi. Kisha nikatazama majani. Majani ya udi hupishana kwenye kijiti, moja huku, jingine juu yake kule. Haya yalitazamana mawili mawili. Nikachuma moja, nikalifikicha, nikalinusa. Mzambarau. Miche inayojiotea yenyewe chini ya miti, hata mbuzi haitaki.

Nilimngoja pale pale. Alipofika na ndoo hakukana.

"Bwana alisikia habari zake, akaitaka. Amenifanya nyapara, shemeji."

"Lini?"

"Wiki ya pili ya eda."

"Na ulivyokuwa ukiniambia kila jioni?"

"Maji nilimwagilia kweli, wallahi, sikukosa hata siku moja. Sikutaka kukuongezea simanzi."

Nikamwomba mmoja tu. Akasema yote imekwisha kupandwa ndani ya ua wa bwana, naye huipitia kila asubuhi.

Angeniomba ningempa nusu, labda yote, najijua. Hakuniomba. Miezi minne alisimama mlangoni pa mfiwa akimpa habari za miche isiyokuwepo.

Wakwe walisema nisamehe, ni miti tu. Nikasema nimesamehe. Idi ilipofika akaja kunisalimia. Nilimtilia chai, nikamwekea maandazi. Alipoanza kunieleza jinsi ile ya Msasani ilivyorefuka, nilichukua birika, bado limejaa, nikaenda jikoni kuongeza maji. Nikakaa huko mpaka nikasikia ametoka.