Redio Sita za Watson

Mume wangu Watson alirudi kutoka migodi ya shaba ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka, mwaka mmoja baada ya uhuru, na sanduku alilobeba halikuwa na hata kitenge kimoja. Lilijaa redio mbovu. Mama mkwe alilia. Mimi nilikasirika, na hasira yenyewe sijaimaliza hadi leo.

Hata hivyo redio hizo ndizo zilizotulisha. Tulihama Ibaba, kijiji chetu cha Ileje, tukaenda Iyula, kwa watu wenye kahawa na kwa hiyo wenye redio, akafungua kibanda cha ufundi. Kazi yake ilisifiwa. Mambo yaliharibika siku alipoweka redio mbili mezani karibu karibu, akawa anatafuta stesheni kwenye moja, ya pili ikapiga mluzi. Akizungusha, mluzi unapanda. Akisogeza mkono kwenye eriali, unashuka na kutetemeka. Fundi mwingine angezitenganisha akaendelea na kazi. Watson akaziongeza mpaka zikafika sita, akawa anazipangia zamu kama mwalimu wa kwaya, hii iingie, ile inyamaze, huku akiniita nikasikilize na ugali wangu unaungua.

Nilisikiliza. Haukuwa muziki wa kuchezeka, ila ulinishika kifuani kama ukungu wa kwetu Ileje unapopanda ghafla ukawa humwoni ng'ombe wako mwenyewe. Mimi nina mkono wa kuchora tangu shule ya misheni. Nikaanza kupaka rangi vipande vya vioo vya dirisha ili sauti zake ziwe na picha, na hivyo tukawa vichaa wawili nyumba moja.

Kasiani, balozi wetu wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kamati ya Sabasaba, alitukubalia. Kila mwaka siku ya sherehe, ngoma zikipumzika mchana, tungepewa ghala la kahawa. Watson akaiita Siku ya Sauti na Picha. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: watu wakisikilize kipande chake cha sauti mwanzo mpaka mwisho, hata mara moja.

Mwaka wa kwanza ghala lilifurika kwa sababu watu walidhani ni sinema. Milango ikafungwa. Nikalidaka jua la tundu la bati kwa kioo cha kujitazamia, nikalipitisha kwenye vioo vyangu, rangi zikatambaa juu ya shuka jeupe. Watson akaanza. Hajafika popote, mzee mmoja mwenye huruma akainuka, akaja mezani, akazungusha redio moja mpaka ikakamata Dar es Salaam. Bendi ikasikika. Watu wakapiga makofi na kumshukuru mzee.

Mwaka wa pili walijitokeza wawili kusaidia, mmoja kaja na bisibisi yake mfukoni. Baada ya hapo wateja wakaanza kutupa kisogo. Walisema ni fundi gani huyu anayeshindwa kuponya redio zake mwenyewe, tena sita, tena hadharani. Wakawa wanapeleka zao kwa fundi wa Mlowo. Nilimwambia Watson aache upuuzi, tutakufa njaa.

"Roda," akaniambia, "wakisikia mpaka mwisho wataelewa."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nami niliamini hivyo.

Mwaka wa tatu betri zilikuwa zimeadimika madukani. Tukauza mbuzi, na Bashiri, mwenye lori wa Tunduma, akatuletea mpya kutoka ng'ambo ya mpaka. Watson alimsihi Kasiani asiruhusu mtu yeyote kusogelea meza. Kasiani akasimama mlangoni, akalitangaza hilo mwenyewe.

Na kweli hakuinuka mtu. Mtoto akilia, anatolewa nje. Wanaume walivua kofia. Nilibadilisha vioo kimoja baada ya kingine, na mluzi wa mwisho ulipofifia ghala zima lilikuwa kimya. Watson alikuwa analia. Nilijisemea, leo amekipata alichotaka.

Kasiani akaja polepole, kwa heshima zote.

"Ndugu fundi, pole sana na kazi. Tumevumilia, wala hatujakuingilia, kama ulivyoomba. Sasa zimepona? Kama zimepona, tuanze muziki."

Nilitaka kumrushia kioo. Laiti angekuwa na dharau, ningemrushia na roho yangu ingetulia. Hakuwa nayo hata chembe. Watu wote wale walikuwa wameketi kwa adabu, kama wanaongoja habari za mgonjwa, wakimwombea mume wangu afanikiwe.

Watson akazitazama redio zake, kisha akanitazama mimi. Angezungusha moja tu akaikamata Dar es Salaam, wangecheza mpaka jioni, na kesho yake wangempangia foleni kibandani. Nilimwomba kwa macho afanye hivyo. Nilikuwa nimechoka, na mbuzi tulikuwa tumeshamuuza.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Bado, Ndugu Kasiani," akasema. "Naomba mnivumilie tena kidogo."

Kasiani akaitikia kwa kichwa, akarudi kuketi. Watu wakajiweka sawa, na mama mmoja wa mbele akamwambia fundi asiwe na haraka, wao wapo. Watson akaanza tena kutoka mwanzo. Jua lilikuwa limeshasogea, nami nikahama pembe kulifuata, huku nikimlaani kimoyomoyo.