Shule Iliyojengwa na Papa Zetu

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi toka asubuhi, upepo wa vumbi, jua limeonekana saa sita tu.

Leo nimetoka Lilongwe na yaya, dada yangu mkubwa, tukaja kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kusalimia wazee. Njiani tumepita pale shule yetu ilikuwa. Bantu wawili wanabomoa ukuta wa mwisho, wanapakia matofali kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Yaya alisimama kidogo, akasema, "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo, akaendelea kutembea. Mi nilibaki naangalia, na sasa naandika, ingawa sijui kama nakumbuka yote sawa. Kama ulisoma pale, rafiki, utanirekebisha.

Mwanzo, kwenye shule ya serikali, batoto ba kijiji walisoma asubuhi, sisi ba wakimbizi mchana. Halafu mwalimu mkuu akasema basi, wote darasa moja, dawati moja. Papa zetu, yaani baba zetu, walikutana kanisani baada ya ibada. Walisema batoto watapoteza Kifaransa, na siku ya kurudi Bukavu watakuwa wageni kwao. Wakakanyaga udongo, wakafyatua matofali, wakafungua shule yao. Mi sisemi walikuwa wabaya. Darasa la serikali lilijaa mpaka wengine walikaa chini, na ba kijiji walituita Maburundi, hata sisi ba Kongo. Lakini nasi tuliwaita bala-nsima, wala-ugali, na jioni tunakula bugari ya unga ule ule.

Shule yetu ilikuwa nzuri, hilo lazima niliseme. Ilinuka udongo mbichi na chaki. Mvua ikipiga bati, mwalimu alikuwa anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inatoka. Alivaa koti hata wakati wa joto. Dikte kila siku, yeye anasoma Kifaransa, sisi tunaandika. Alichora ramani ya Kongo ukutani kwa makaa, mito yote, Kivu, Tanganyika, na ng'ambo ya Tanganyika ukuta mtupu. Mutoto moja aliuliza, "Mwalimu, na sisi tuko wapi?" Akaonyesha karibu na mlango. "Kule. Si tunapita tu." Tulicheka, naye akacheka. Alizikwa hapa hapa Dzaleka.

Yaya alikuwa wa kwanza kila mwaka. Alitaka kuwa muuguzi, hakuficha. Alitufunga vitambaa mikononi hata bila kidonda. Alipomaliza alipeleka buletini yake, karatasi ya alama, kwenye sekondari, na mama alimpigia pasi sketi kwa makaa. Mkuu wa kule alisoma alama zote pole pole, akasema, "Zikomo, asante mwanangu. Umefanya vizuri. Lakini mtihani wa Malawi uko wapi?"

Mtihani ule kwetu haukuwepo. Hakuna aliyeuwaza, kwa sababu kila mwaka tulikuwa tunarudi Kongo mwaka kesho. Mkuu hakuwa mkali, na sheria haikuwa yake. Ilibidi yaya arudi chini kwenye shule ya serikali, na vita ilikuwa imeshamchelewesha, alikuwa tayari msichana mkubwa. Batoto wakamwita "mama", wakamuuliza bwana yake iko wapi. Alivumilia siku chache, kisha akabaki nyumbani. Leo anasuka nywele Mchesi, kule Lilongwe. Anasuka vizuri sana, lakini sijamwona tena akifunga muntu kitambaa mkononi. Mi nilikuwa mdogo, nilirudishwa mapema shule ya serikali, hakuna aliyenicheka. Sijui kwa nini bahati ile ilinifikia mimi na si yeye.

Jioni hii papa, ambaye alifyatua matofali yale na sasa macho yamefifia, aliuliza kama wamemaliza kubomoa.

"Imebaki ukuta moja, papa," yaya alijibu.

"Watajengea nini?"

"Jiko ya muntu. Ile matofali iko nguvu bado. Mulipiga udongo muzuri."

Mama aliacha kukoroga. Kisha papa akasema, "Tuliwaza tutarudi Bukavu kabla wewe umalize shule."

"Najua, papa. Kula, inapoa."

Sijui kama ni kusamehe ao ni kuchoka, na sina haki ya kuamua. Tumekula maharage na viazi vitamu. Vya papa, yaya alimmenyea.